Hema la Mikono Miwili

Kwa Mchopa, nyuma ya soko la Masasi,
mahema yananing'inia kama ngozi za wanyama nisiowajua.
"Hili watu sita," anasema, "hili wanane,
hili hata bwana harusi na wapambe wake wataenea."
Sikuulizi linalaza wangapi, Mchopa.
Nakuuliza linasimamishwa na wangapi.

Anacheka. Anachungulia nyuma yangu
kana kwamba kuna mtu anaegesha baiskeli, anakuja.
Hakuna anayekuja.
Kuna Fadhina, miaka tisa, kamshika Twalibu mkono,
na huyu wa mgongoni anayetafuna pindo la khanga.
Baba yao yuko Mtwara, anapakia melini korosho hizihizi.
Msimu wake ndio msimu wangu.

Mwaka jana niliazima hema la shemeji.
Zuri, la kijani, madirisha mawili,
na nguzo ya kati ndefu kama kesi ya shamba.
Lile linataka mmoja ashike, mwingine avute.
Nilishika kwa bega, nikavuta kwa meno,
kamba moja nikaifunga kwenye mkorosho,
nyingine kwenye baiskeli,
baiskeli ikaanguka,
hema likatulalia kama ng'ombe aliyegoma.
Usiku ule ndipo mvua ya kwanza ikashuka.
Magunia mawili yalilowa; mnadani yakaangukia daraja la pili.
Hilo nimelisamehe.
Lakini Fadhina alishika nguzo hadi alfajiri,
nikimwambia achia, haachii,
na kulipokucha vidole vyake vilikataa kukunjuka.

Basi toa nje, Mchopa, nijaribu.
"Na mtoto mgongoni?"
Na mtoto mgongoni. Kule shambani nitamtundika wapi?

La kwanza lina vyuma kumi na saba na karatasi ya Kichina.
Nikalirudisha.
La pili linafunguka lenyewe kama mwavuli, paa!
fundi cherehani wa jirani akapiga makofi,
ila bei yake ni gunia zima na nusu ya jingine,
na ukilikunja linakupiga kofi la shavu.
La tatu ni la rangi ya udongo, halina maneno.
Fito mbili tu, zinapinda, zinapishana kichwani.
Nikapigilia pembe nne kwanza,
maana upepo ni mgeni mwenye haraka:
ukimpa kona moja, anaondoka na nyumba.
Kisha ufito huu, kisha ule,
nikasukuma kwa goti, likanyanyuka
kama mtu aliyeitwa jina lake.
Twalibu alikuwa anahesabu. Anajua mpaka mia.
Alifika mia mara tatu, akaanza ya nne, akaona mbuzi.

Tukaingia. Tukalala pale uani, kati ya mifuko ya saruji,
kichwa huku, miguu kule, watu wanatutazama.
Nafasi ya gunia moja ipo miguuni.
Sakafu imeshonwa na ukuta; nge atafute pengine.
Mambo zake ni fupi, nikamwambia,
ardhi ya Chiungutwa ni mchanga, haishiki vijiti vya meno.
Akapunguza elfu kumi na tano.
Nikazipeleka kwa mhunzi, akanikatia nondo, kila moja dhiraa nzima.

Sasa tuko huku.
Magunia yamefunikwa, taa nimeizima, mbwa wa Nantende kanyamaza.
Bibo linadondoka juu ya paa, pu!
linabingirika, linaanguka nyasini.
Fadhina hakuamka.
Mkono wake tu ndio uliamka,
ukanyooka gizani, ukapapasa katikati,
pale nguzo ilipokuwa mwaka jana,
ukakuta hewa,
ukakaa juu kidogo,
ukarudi chini ya shuka.