Senti Thelathini na Moja

Bi Mwanakheri hakuniimbia mimi.
Alikuwa akishona kofia, uani, Langoni,
na simu yangu nimeilaza katika kapu la nyuzi
kama mtu aliyeisahau.
Dakika mbili na nusu. Sauti yake,
kikohozi kimoja, patasi ya fundi milango jirani,
na paka.

Usiku, juu ya duka la saruji la Shekuwe,
nikafungua kompyuta nikaumimina wimbo ndani.
Programu haikuuliza mwimbaji ni nani.
Iliuliza: ufunguo gani? Mapigo mangapi kwa dakika?
Nikajibu kwa kubahatisha,
nayo ikaikata sauti vipande
ikavipanga juu ya mistari,
kila silabi kibonge cha manjano,
kila pumzi doa la kijivu lisilo na daraja.
Patasi ya fundi ikapewa noti tatu, safi kabisa.
Paka akapewa moja.
Bi Mwanakheri ndiye aliyekutwa na deni:
ubeti wa nne, kwenye neno "nisubiri",
upungufu wa senti thelathini na moja.

Senti! Nilicheka peke yangu.
Hata Shekuwe wa saruji hudai kwa shilingi.

Kitufe kipo. Ukikibonyeza
noti huruka hadi mstari ulio karibu
kama mwanafunzi aliyesikia viatu vya mwalimu.
Kipo na cha pili: hicho huondoa sauti yenyewe,
zikabaki namba, sitini na mbili, sitini na nne,
imebonyezwa kwa nguvu hii, imeachiwa hapa,
na kinanda chochote kikaweza kuziimba
bila koo.
Bendi ya harusi ilizitaka kabla ya Ijumaa.

Sikukibonyeza. Siku tatu niliilinda noti ile.
Nilimwambia Lali, mpiga kinanda,
kuwa baina ya ufunguo mweupe na mweusi
pamelala kitu ambacho waliounda kinanda hawakukipa mlango,
kuwa bibi zetu walipajua,
kuwa kurekebisha ni kubomoa.
Nilisema vizuri. Nilijipenda nikisema.

Alhamisi nikampandisha ngazi, vidato kumi na tisa,
kila cha tano tukipumzika.
Alivaa miwani akaitazama skrini,
lakini si kama mtu anayetazama wimbo:
mistari, vitundu, safu juu ya safu.
"Kofia hii mshonaji ni nani?"
"Ni wewe, Bi."
Akahesabu kwa kidole, midomo ikitembea,
akasimama ubeti wa nne.
"Tundu hili limekwenda upande."
Ndilo hilo, nikasema. Ndilo nililolilinda.
"Walilindia nini? Hapo sindano yalinidunga. Nyosha."

Nikanyosha.
Noti yangu tukufu ikaruka ikakaa mstarini,
na wimbo, Mungu anisamehe, ukapendeza zaidi.

Kidole chake hakikuondoka kwenye kioo.
Kilirudi nyuma, ubeti wa pili,
pale ambapo programu haikulalamika,
pale nilipopapita siku tatu bila kupaona.
"Hapa ndipo nalipokosa. Pumzi yalinishinda. Shusha tini."
Nikashusha.
"Tena."
Nikashusha.
"Umepita. Rudi. Rudi...
Hapo. Hapo usipaguse."

Kibonge kikageuka chekundu.
"Yadai nini?"
"Senti arobaini na tatu."
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso.
"Andika katika daftari."

Nikaanza kusafisha: kikohozi nje, paka nje.
Nilipofika kwenye noti za patasi
akanishika mkono, mkono wenye vidole vigumu,
vilivyotobolewa mara nyingi kuliko kofia.
"Huyo mwate," akasema. "Alikuwapo."

Ijumaa kinanda cha Lali kilipiga yote,
na katikati, mara tatu, kikagonga mlango.
Bibi harusi alikuwa akipakwa hina.
Hakuna aliyegeuka.