Namba ya Mguu

Naandika: Viatu vya kike, kisigino kifupi,
rangi ya kahawia, dola kumi na mbili,
naleta Nguba, naleta Panzi, mpaka mlangoni.
Naweka foto: kiatu, na ndani yake mguu wangu,
kwa sababu kiatu kitupu hufanana na kiatu cha marehemu
na hakuna anayekinunua.

Mega hazijaisha, simu inalia.
Si "bado vipo?" Si "punguza kidogo."
Ni Bwana Murhula, yule wa picha ya koti na tai:
"Huo mguu nao, mrembo, unauzwaje?"

Habari, papa. Ni dola kumi na mbili.
Unataka namba gani?
"Namba ya moyo wako."
Moyo bado, papa. Mzigo umekwama mpakani Ruzizi.

Mama alinifundisha: mteja ni mfalme.
Lakini mama aliuza makayabu sokoni Kadutu,
uso kwa uso, kisu mkononi.
Mteja akileta ulimi mrefu
wanawake watano walicheka kwa pamoja
naye akakumbuka kwamba ana safari.
Miye soko langu ni hiki chumba,
kioo kimepasuka pembeni,
usiku, umeme umekwenda,
na mfalme anaingia bila kubisha hodi,
anakaa kitandani.

Nikimfungia, kesho atatangaza: huyo dada ana kiburi.
Nikiandika "ha ha",
ha ha yangu anaihesabu kama malipo ya kwanza.
Basi nimejifunza kupima kicheko
kama mawese ya rejareja:
chupa isifurike, mteja asinune.

Nikajaribu kupiga foto kiatu juu ya jiwe.
Wiki nzima, kimya.

Ndipo nikamwita kaka yangu Cirhuza, motari,
mwenye mguu mwembamba aliorithi kwa shangazi.
Nikamnyoa malaika ya mguuni kwa wembe mpya,
nikampaka rangi kucha huku akinitukana
mpaka babu zetu, ambao ni babu zake pia.
Foto ikatoka safi.
Saa tatu usiku:
"Siku ya saba Mungu alipumzika
kwa sababu alichoka kuchonga kifundo hicho."
Cirhuza alisoma na ugali mdomoni.
Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta.
Kesho yake alikanyaga gia kwa heshima,
kama mtu aliyebeba yai.

Alhamisi Bwana Murhula akaagiza kweli.
Vyekundu, thelathini na saba,
"vya mtu wangu wa nyumbani. Usione wivu."
Pesa ikaingia. Cirhuza akapanda Muhumba na mvua.
Yeye huwa na maneno mengi akirudi,
mbwa wa nani, geti la nani;
siku hiyo alikamua koti lake, akasema tu:
"Alikuwa na unga mikononi. Alifurahi."

Jioni, namba nisiyoijua:
"Dada, asante. Viatu ni vizuri ila vinanibana.
Navaa thelathini na tisa.
Tangu nimeolewa navaa thelathini na tisa."

Nilikaa na simu hiyo.
Ndani yake kulikuwa na jumbe tisini za mume wake,
na kidole changu kilijua njia ya kuzipeleka.
Nje mtu alikuwa akiita mkaa, mkaa,
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka.

Nikaandika: Vipo, mama. Kubadilisha ni bure.

Si bure. Mafuta ya kupanda Muhumba
ni franka elfu tatu. Nilitoa mimi.

Saa tatu usiku simu ikatetemeka juu ya meza:
"Mrembo, umelala?"
Nikaisukuma upande wa pili wa sahani,
kwa Cirhuza.
Jibu wewe, nikamwambia.
Mguu ni wako.