Nimepewa Kuwa Jirani

Jumanne, chumba namba kumi na nne, Bishkek.
Hita ya ukutani inakohoa kama mgonjwa wa siku nyingi.
Profesa Asanbekova anapitisha kofia ya sufu ya marehemu mumewe,
ndani yake vikaratasi kumi na viwili, kila kimoja nchi.
Mwaka wa pili wa uzamili, na bado tunapiga kura kama watoto.

Natumbukiza mkono. Nafungua.
Tajikistan.

Darasa linanyamaza, si sana,
kiasi cha kijiko kugusa ukingo wa kikombe.
Wote wanajua natoka Batken,
kule ambako mpaka hupita katikati ya mtaa:
ukivuka barabara kununua chumvi
umekwenda nje ya nchi na kurudi kabla chai haijapoa.

Miezi kumi na saba nimesoma nadharia.
Wapo wasemao dola ni mbwa mwitu wasio na wa kuwakemea;
wapo wasemao la, ni wachuuzi tu wenye haya;
wapo wasemao adui hazaliwi, hufinyangwa kwa maneno.
Nimepigia mistari. Nimeweka tanbihi.
Hakuna aliyeutaja mfereji wetu,
upana wake hatua tatu za mtu mzima,
wala lango lake la chuma lenye makufuli mawili,
moja letu, moja lao.

Wala usiku ule mawe yalipovuka,
kisha kitu kisicho mawe,
baba akatoka na koleo kuzima ghala,
aprikoti za msimu mzima zikinuka
kama jamu iliyosahauliwa jikoni.
Hiyo haina tanbihi.

Sorbon wa Isfara amepata Kirgizia.
Ananitazama, namtazama,
kama watu waliobadilishiana viatu mlangoni pa msikiti.

Sheria ya meza: usiseme "mimi", sema "ujumbe wangu".
Ujumbe wangu unataka maji Aprili, si Juni.
Ujumbe wangu una miti, na mizizi haisomi mikataba.
Nasema kwa sauti tambarare,
na katikati ya sentensi nagundua
maneno haya niliyasikia utotoni,
kupitia ukuta, kwa lugha yao:
mwanamke akimuuliza mumewe kwa nini shamba limekauka.
Nilidhani wanatutukana sisi.

Sorbon anajibu.
"Mto huanzia kwetu. Mgeni hapimi unga wa mwenyeji."
Huyo ni baba, baba mwenyewe,
hadi kidole kinachogonga meza.
Amejuaje?

Hatukuafikiana. Tumepata alama sabini na moja,
na pembeni, kwa wino mwekundu: *Mmesikilizana mno, hamkusaini kitu.*

Ukumbini Sorbon ananiuliza,
"Ufunguo wa kufuli lenu anao nani?"
"Mjomba Toktosun."
"La kwetu, shangazi Mohira. Haoni vizuri siku hizi."
Tukacheka, tukaacha kucheka kwa pamoja.

Usiku nampigia baba.
"Leo wamekufundisha nini?"
"Leo nilikuwa wao, baba."
Kimya. Nasikia redio yake, kikohozi chake,
mbwa akibwekea upande wa pili.
Nangoja anikatie simu.

"Haya," anasema hatimaye,
"wakapata maji?"