Mpaka Mstari Mweusi

Lela, umenipigia kutoka Bari saa sita za usiku
kuniuliza nimempa au sijampa.
Nimempa.
Kalamu ya risasi inaning'inia kwa uzi mlangoni pa friji
na kwenye karatasi nachora vijiti:
asubuhi, alasiri, kabla ya kulala.
Kumbukumbu yangu siiamini. Wewe pia huiamini, najua.

Sikio lilianza Jumatatu, theluji ikiangukia Kutaisi
kama unga unaochekechwa na mtu mwenye haraka.
Tekle alilia huku amejishika upande mmoja wa kichwa
kama anayezuia kitu kisidondoke.
Jirani Nanuli akapanda ngazi na chupa mkononi,
nusu imebaki, ya mjukuu wake, ya baridi ya mwaka jana.
"Dawa ni dawa," akasema, "na pesa haziokotwi."
Nikampa chai. Chupa ikakaa mezani ikitutazama,
ukoko shingoni, uwaridi wake umegeuka kahawia.
Mtoto wa watu hakuimaliza;
wangu hataianza.

Daktari Khatuna alimpandisha kwenye mizani na soksi zake tu.
Kilo kumi na nne.
Uzito ndio unaoandika kipimo, alisema,
si urefu wa kilio, wala huruma ya baba.
Akauliza: amewahi kutokwa na vipele kwa dawa?
Nikakupigia. Hukupokea, ulikuwa ukimwogesha yule bibi unayemlea.
Tulikaa kimya, daktari, mtoto, mimi,
tukisubiri maji ya Italia yaishe kutiririka.
Hajawahi, ukasema.

Famasi, Eteri alimimina maji yaliyochemshwa yakapoa
juu ya unga uliofanana na chumvi.
Akatikisa, akaacha povu litulie, akaongeza
mpaka mstari mweusi, si juu yake, si chini yake.
Nilisema nyumbani tuna vijiko.
"Kijiko cha jikoni husema uongo," akajibu,
akanipa kibomba cha plastiki chenye namba.
Mililita tano. Mara tatu. Siku saba.
Chupa ikae kwenye friji, itikiswe kila mara,
na akivimba uso au akikosa pumzi, usinipigie mimi,
ita gari la wagonjwa.

Sasa nikuungamie jambo.
Usiku wa kwanza alifumba mdomo kama kufuli,
nami nikaificha dawa ndani ya glasi ya maziwa, glasi nzima.
Akanywa nusu.
Niliitazama ile nusu iliyobaki nikaona hesabu imenishinda:
ni kiasi gani kimo tumboni, ni kiasi gani kimo humu?
Mkono ulikwishafika kwenye chupa ili nifidie.
Nikaurudisha. Nikampigia Eteri, sauti yake ina usingizi:
usirudie, ngoja saa yake.
Kijiti cha usiku ule nimekichora kwa nukta nukta.

Tangu hapo anaketi wima pajani,
ncha ya kibomba ndani ya shavu, si kooni,
kidogo, ameze, kidogo, ameze,
na baada yake ulimi mmoja wa asali.

Siku ya tatu homa iliondoka bila kuaga.
Alikimbia korido nzima na kiatu chako kimoja,
akadai mkate wa jibini, akamwagia paka maji.
Hapo, Lela, ndipo nilipojaribiwa.
Mtoto mzima, wa nini tena kumtia uchungu?
Vijiti tisa. Vilitakiwa ishirini na kimoja.
Niliwaza wadudu waliobakia mle gizani,
wachache, wagumu, wakisikiliza kama mlango wa friji utafunguka.
Nikaufungua.

Imekwisha jana.
Mabaki kidogo nimemrudishia Eteri, pamoja na chupa ya Nanuli,
ambaye amenuna, lakini ameleta walnati.
Friji imebaki na sosi ya plamu ya mama yako
na mahali pa duara, pakavu, palipokuwa na dawa.

Kibomba nimekiosha.
Tekle anamnywesha mwanasesere maji, anafunga jicho moja,
anasogeza mpaka kwenye mstari, anarudisha tone.
Usipige tena usiku huu. Lala.
Au piga.