Visiwa Vitatu na Kilima cha Taka

Winnipeg ni sinia.
Weka chungwa mlangoni petu, mtaa wa Sargent,
halibingiriki hata mwezi wa sita.
Na huu ni wa pili. Chungwa litaganda kwanza.

Ndiyo maana nimetandaza visiwa mezani
kati ya chupa ya asali na bili ya gesi.
Miezi kumi na minne nimeendesha basi la usiku
nikiwashusha walevi na wauguzi vituoni,
kila zamu nikitenga kidogo
kwa ajili ya mahali penye joto na mwinuko.

Nikaanza na Reunion.
Kuna mabonde huko, nikasema, hayajawahi kuona gari,
mtu huingia kwa miguu na kutoka kwa miguu.
Wakesho alikuwa anajikanda goti.
"Kwetu pia tulifuata chumvi kwa miguu," akasema.
"Hakuna aliyekuja kutupiga picha."

Basi Dominica.
Ziwa linachemka juu milimani
kama sufuria iliyosahauliwa jikoni;
saa tatu kwenda, saa tatu kurudi,
matope mpaka ugokoni, harufu ya yai viza.
"Nani anachochea?"
Ardhi yenyewe.
"Na kuni nani anatafuta?"
Sikujibu. Niliandika: ziwa, alama saba kwa kumi.

Kauai, basi. Njia imening'inia ubavuni mwa bahari,
nyembamba, imepinda kama mshono wa fundi mlevi.
Ila kibali lazima uombe mapema.
Hapo akacheka hadi miwani ikaingia ukungu wa chai.
"Kibali cha kutembea!
Sisi tulioomba miaka tisa kibali cha kukaa!"

Mimi ni mtu wa orodha.
Nina safu ya nauli, safu ya mvua, safu ya mbu,
safu ya magoti, yake na yangu.

Jumamosi tunafanya mazoezi Kilima cha Taka.
Sikukitungia jina, ndivyo watu wanavyokiita.
Jiji lilimwaga hapa uchafu wake enzi hizo,
likaufukia, likaotesha nyasi,
na sasa ndio mlima tulio nao.
Chini ya buti zetu kuna mabirika, soli za viatu,
labda na barua za wachumba walioachana.
Kila begi nimelitia kilo kumi za mchele
ili mgongo uzoee.

Katikati ya mteremko Wakesho akasimama.
Nikadhani ni goti.
"Mama alishuka Vuria na mzigo wa kuni
nikiwa tumboni mwake," akasema.
Pumzi yake ilitoka nyeupe, ikakatika.
"Mpaka leo nikiona mlima
mwili unaniuliza: unapeleka nini?
Nitafutie kisiwa nipande mikono mitupu.
Nikifika juu, nisiwe nimefikisha kitu."

Nilipekua orodha kichwani.
Safu hiyo haikuwemo.

Nikamvua begi, nikalivaa kifuani,
jingine mgongoni, kilo ishirini za mchele,
nikawa kama punda aliyekosea bara.
Yeye akatangulia.
Mikono hakujua aiweke wapi:
mara mfukoni, mara kiunoni,
mwishowe akaiacha ining'inie tu
na glavu zake nyekundu.

Mtoto akatupita na sleji akipiga kelele.
Juu, upepo wa nyika ulitupiga usoni
bila kona wala ukuta wa kuuzuia.
Paa za nyumba, moshi mweupe, kisha hakuna tena kitu
mpaka mwisho wa macho.

"Lile ziwa," akasema bila kugeuka,
"linachemka usiku na mchana?"
Usiku na mchana.
"Na hakuna anayepikia?"
Hakuna.

"Basi twende tukalitazame."