Jerikani Arobaini

Saa kumi na mbili kasoro. Uwanja wa malori una ukungu bado,
na Mwamba wa Tororo umejifunika hadi kidevuni.
Naitembea kwa miguu njia ambayo magari yataikimbia:
hatua thelathini, chokaa; hatua kumi na tano, chokaa.
Nyuma yangu Emojong anasukuma toroli
la jerikani za manjano, zile za mafuta ya kupikia,
kila moja na namba yake.

"Hapa nyoosha, Mama Nyachwo," ananiambia.
"Watu wanalipa elfu tano waone mwendo."
Nikamwuliza, mwisho wa mnyoosho wako kuna nini?
Akatazama. Kuna ukuta wa ghala la saruji,
chini ya ukuta kuna kivuli,
na kivulini ndiko watu watakakokaa saa saba ikifika.
Funga utepe, piga filimbi, paka rangi nyekundu:
jua la Tororo halijui kusoma.
Mtu huenda kwenye kivuli.

Basi nikaupinda.
Nikalaza nyoka wa jerikani tano,
kushoto, kulia, kushoto,
gia ya pili tu, na breki kabla ya kutubu.
Emojong akaguna. Alikuwa dereva zamani,
na dereva haachi kuguna.

Mwaka juzi hatukujua.
Upepo ulikuwa ukiziangusha,
na Obbo, mume wa dada yangu, mtu wa huruma na haraka,
akazijaza mchanga usiku, zote, asimwambie mtu.
Starlet nyeupe ikaingia kona ya nne,
ikaigusa moja kwa bega tu.
Jerikani tupu ingeruka kama kuku aliyefukuzwa jikoni.
Ile haikuruka.
Ilikwenda chini kwa chini, nzito, kama iliyotumwa,
ikamkuta Oketcho wa karanga kwenye muundi wa kushoto.
Mlio ule siuandiki.
Anatembea sasa. Karanga anauza ameketi.

Kwa hiyo nainua kila moja kwa mkono wangu huu,
arobaini, asubuhi, na tena baada ya chakula.
Wanacheka: mama anapima watoto kliniki.
Wacheke.

Saa nne magari yanapanga mstari.
Betri iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli: rudi nyumbani.
Helmeti ya boda yenye ufa: rudi.
Chini ya kiti cha Wandera nikatoa jeki, viatu vya mkewe,
na chupa ya soda, tupu, ya mviringo,
inayosubiri kona moja tu ijiviringishe
hadi chini ya kanyagio la breki.
"Hiyo chupa ni ndogo, mama."
Ndiyo. Na kanyagio nalo si kubwa.

Alikuwa Wandera huyo huyo, saa nane, kona ya nne.
Nyuma ya Premio ikataka kutangulia mbele.
Ikazunguka mara moja, mara ya pili,
vumbi likasimama kama nyumba,
na mimi bendera mkononi, ulimi umekauka.
Vumbi likakaa.
Gari limesimama katikati ya uwazi,
linatazama lilikotoka,
Wandera ndani anatafuta miwani yake.

"Hakuna kitu," watu wakasema,
wengine, naapa, kwa masikitiko kidogo.
"Kumbe hakuna kitu."
Hicho hakuna-kitu nilikipima mimi alfajiri:
hatua arobaini za udongo mtupu,
nilizogombea na wauza chapati, na mwenye tangi la maji,
na mheshimiwa aliyetaka hema lake papo hapo.

Jioni tunakusanya. Emojong anahesabu, anarudia.
Thelathini na tisa.
Tukazunguka nyuma ya ghala, tukachungulia mitaro,
halafu nikaiona barabarani, ikitoka kisimani,
kichwani kwa msichana wa sare ya shule,
namba kumi na saba kwa mwandiko wangu,
imejaa hadi shingoni, majani yamezibia mdomo.
Emojong akaanza kukimbia.
Nikamshika shati.
Hiyo mwache nayo. Hiyo ijae.