Mkaguzi wa Milima

Kazi yangu ni kuanguka.
Nalipwa kwa mwezi, na bima ya meno,
ghorofa ya tatu, mjini Brașov,
nimpeleke kijitu cha koti jekundu
mpaka ukingoni, kisha nimwachie.

Kila mchezo una mlima wake.
Huja baada ya msitu, kabla ya kasri la moto,
na theluji yake ni ileile, yateleza pale unapotaka kutua.
Upepo una zamu: sekunde tatu wavuma, mbili wapumua.
Daraja la kamba lina ubao mmoja uliooza,
daima wa saba, nimehesabu.
Anayeichora ni Răzvan, mtu wa tambarare,
ambaye balbu ikiungua
humwomba mwenzake apande kiti.

Jana nilikufa mara mia mbili na kumi na nne.
Nakufa, nanywa kahawa, naandika:
Hitilafu 1187. Mwamba wa kushoto, chini ya pango,
hauna ugumu. Mchezaji hupenya ndani yake
kama mkono ndani ya ukungu,
huanguka, wala hafiki chini.

Hilo ndilo baya. Kuanguka usifike.
Kufa kuna adabu yake: giza, kengele,
unaanza tena penye bendera.

Mjomba Neculai yumo kikosi cha uokoaji.
Amewashusha watu ishirini na sita kwa machela,
wanne wakiwa wamefunikwa uso.
Yeye hasemi; ahesabuye ni shangazi.
Siku ya Krismasi aliniuliza:
"Huko kwenu, huyo akianguka, nani humwendea?"
Hakuna, mjomba. Hurudi mwenyewe.
Akamega mkate, akanyamaza
mpaka supu ikapoa.

Jumapili moja ya Juni akanipandisha.
Penye mnyororo nikasimama. Si kimo kilichonitisha.
Niliusukuma mwamba kwa bega,
nikausukuma hatua mbili mbele, kwa goti, kwa kiganja,
nikitafuta mahali utakaponipitisha.
"Unafanya nini, Ilinca?"
"Naukagua."
Jiwe lilikuwa baridi, lina kokoto kama meno ya mtoto,
likanichuna ngozi.
Likakataa. Kila mahali likakataa.
Mjomba alikuwa ameshika kamba yangu kwa mikono miwili,
na hakucheka.

Jumatatu, kidonda kikianza kukauka,
nilimfikisha wa koti jekundu ukingoni.
Upepo ukavuma sekunde tatu, ukapumua mbili,
ukavuma tena.
Răzvan akauliza kama mashine imeganda.